Mwezi Ukiwa Mpevu

Juzi nilikwenda soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, kutafuta dagaa wa kumtumia shemeji yangu Dodoma. Nikakuta magunia machache, bei imepaa. Mama ninayenunua kwake siku zote alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anashona gunia kuukuu.

"Mwangaluka, mama. Mbona pakavu?"

"Mbalamwezi, baba. Vijana wamelala." Akaendelea kushona.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa huwavuta dagaa gizani, lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haina mvuto tena. Basi kila mwezi, kwa siku kadhaa, mitumbwi hupandishwa nchi kavu, nyavu hushonwa, nyufa huzibwa kwa pamba. Sijasikia mtu akiutukana mwezi. Wanaotukanwa ni wadai.

Utulivu huo unanikumbusha Wastoiko; wasomaji wa Biblia watawakumbuka, wale wanafalsafa waliobishana na Paulo kule Athene. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wao, Zeno, alikuwa mfanyabiashara. Chombo kikazama na shehena yake yote, naye akaishia Athene akisoma falsafa. Karne nyingi baadaye Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, akafundisha kwamba kazi ya kwanza ya mtu ni kutenganisha yaliyo mikononi mwake na yasiyokuwa mikononi mwake. Mama wa Kirumba hajamsoma. Yeye ana gunia, ana sindano, na mwezi ameuachia mwenyewe.

Subira hiyo naiheshimu. Ninayogombana nayo ni ile nyingine, tunayoitoa kwenye turubai la msiba: kazi ya Mungu haina makosa.

Nenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba. Meli ile ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kwenda Mwanza. Waliokufa hutajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu kamili hatutaipata, maana abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Orodha haiandikwi na upepo. Mzigo kupita kiasi haupakiwi na mawimbi. Tulilia, tukazika, tukavumilia, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia gati la Ukara, kimejaza watu kuliko uwezo wake. Wakafa 228. Miaka 22 ya kuvumilia, na somo lilelile.

Ndugu zangu waliofiwa wasinielewe vibaya. Aliyezama harudi, na anayeweza kuamka kesho yake akawasha moto akapika uji wa watoto ana nguvu ambazo mimi sina hakika kama ninazo. Ila kifo kikishatokea ni jambo moja, na tiketi ya mia mbili inayouzwa kwenye chombo cha watu mia ni jambo lingine. Hilo la pili liko mikononi mwa mtu, tena mtu mwenye ofisi na mshahara.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri wiki hii kwenda Ukerewe, Ukara au kisiwa chochote: kabla kamba hazijafunguliwa, hesabu majaketi ya kujiokolea, kisha hesabu vichwa. Vichwa vikizidi, shuka, hata kama wakikucheka.