Maji Yasiyoonekana ni ya Nani?

Watu wa Kwashemshi, wilayani Korogwe, wanaijua mito ya namna mbili. Uko Pangani, ushukao kutoka Kilimanjaro na Meru, nao hutiririka mwaka mzima; na iko mito midogo ya upande wa Handeni, ambayo kiangazi huiacha mchanga mtupu. Walakini mchanga huo ukichimbwa, mara nyingi maji hupatikana. Mto haukufa, umehamia chini. Masika mto huinywesha ardhi. Kiangazi ardhi huulisha mto kwa chemchemi zake. Huko ni kukopeshana.

Je, mwenye kuchimba kisima shambani mwake huteka maji yake peke yake? La. Akiteka kupita kiasi, au akifyeka miti hata mvua isizame ardhini, jirani aliye bondeni ndiye atakayekaukiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini hakuna askari awezaye kukesha katika kila kisima. Hapo hubaki dhamiri. Nasi yatupasa tuwafundishe vijana kwamba haki ya jirani haipungui kwa kuwa haionekani.