Mwema wa Siku Tatu

Alikuwako mkulima wa mahindi upande wa Kiminini, nje kidogo ya Kitale, aliyeambiwa ana sukari. Alipewa vidonge na kitabu cha kliniki, akaambiwa arudi kila mwezi. Hakukosa hata mara moja. Siku tatu kabla ya kliniki aliacha soda, akapunguza ugali, akanywa chai bila sukari na kumeza dawa kwa wakati. Asubuhi ya kliniki alidungwa kidole, mashine ikasoma 6 na ushei, sista akaandika kitabuni, wote wakaridhika. Jioni ile ile alirudia chai ya vijiko vinne, na vidonge vikalala kabatini.

Dada yake aliyeolewa Bungoma alimwonya: "Kaka, sukari ni ya kila siku."

Akamjibu, "Ningekuwa mgonjwa, ningelima ekari hizi zote?" Aliamini kwamba ugonjwa usiouma si ugonjwa.

Wakati wa palizi alishinda shambani na gambuti. Alipozivua jioni, soksi ya kulia ilikuwa imelowa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukamwingia unyayoni, naye alikuwa ametembea nao kutwa asiusikie, kwa kuwa sukari iliyokaa juu kwa miaka ilishaua mishipa ya fahamu miguuni. Alikifunga kidonda kwa kitambaa, na kwa kuwa hakikuuma, hakikumtisha. Alipofikishwa hospitali kilikuwa kinanuka. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kikafichua yote yaliyofunikwa na zile asubuhi za kliniki. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Kwa muda wote huo kidole chake kilipimwa, lakini imani yake haikuulizwa. Maswali ya kuipima yapo. Toleo la tatu la kipimo cha mtazamo kuhusu kisukari, lililotoka Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka 1998, lina kauli 33 ambazo mtu huzikubali au kuzikataa: je, kisukari cha aina ya pili ni ugonjwa mzito? Kuna faida gani kukidhibiti barabara? Nani mwenye uamuzi wa mwisho juu ya matunzo ya kila siku? Hata pasipo karatasi hiyo, mhudumu anaweza kuuliza: "Mzee, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Dawa hukushinda wakati gani?" Aulize kwa upole, maana mgonjwa anayekaripiwa hujifunza kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Funzo kwako mwenye sukari: kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Usipoweza kuinama, mwombe mtoto akuangalilie. Kidonda cha mguuni kipeleke hospitali siku hiyo hiyo, kiume kisiume. Na sista akikuuliza ulikula nini juzi, mwambie ulichokula.