HAKI YA MTO NA HAKI YA NYUMBA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, aliyeyafanya maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, baada ya darasa la akina mama, mama mmoja alisimama akauliza: "Shehe, bwana yangu hanywi pombe, hana mwanamke wa inje, sala zake anaswali. Lakini mto umemchukua. Nikamshitaki kwa nani?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Swali hili ni la Kindu. Mlevi tunamjua, mzinifu tunamjua, mvivu tunamjua, na kila mmoja wao tuna maneno ya kumwambia. Lakini mtu anayetoka alfajiri na kafi begani, akarudi usiku ananuka samaki, huyo tunamwita mtu wa kazi, na bibi yake akinung'unika tunamwambia ashukuru Mungu. Kumbe mtu anaweza kuipoteza nyumba yake katika jambo la halali kabisa.

Kwanza tuliweke wazi jambo moja, asije mtu akatoka hapa akisema imamu amewakataza watu mto. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida amehalalisha mawindo ya majini. Katika Sura ya Al-Kahf ametutajia jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na jinsi Alivyolilinda lisinyang'anywe na mfalme dhalimu, kwa kulitia kasoro ndogo. Riziki ya mwenye chombo ina heshima mbele ya Allah. Na mji wetu huu ungekuwa nini bila Lualaba? Tunakula kutoka humo. Ndugu zetu wa Alunguli wanavuka kwa mtumbwi kuja Kasuku sokoni, masomoni na hospitalini. Kutoka hapa maji yanapitika hadi Ubundu, karibu kilometa 300, na kabla ya barabara na ndege watu na mizigo walikuwa wakipita huko. Wagenia walikuwa mabwana wa mto huu tangu zamani za mababu. Mwaka 1871 yule mzungu Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kuendelea na safari yake asiipate. Mwenye mtumbwi ndiye aliyekuwa na neno.

Basi uvuvi si tatizo. Jambo ambalo watu hawapendi kulitaja ni kwamba mto unapendwa. Ukimuuliza mvuvi kwa nini amelala majini siku nne, atakujibu: natafuta chakula ya watoto. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kuna ukimya wa maji kabla jua halijatoka. Kuna kuvuta wavu na kuhisi uzito mkononi kabla ya kuona kitu. Kuna kujua mahali ambapo kapitaini anapita na mwenzako hajui. Mtu yule yule ambaye kijijini hana jina, akiwa mkiani mwa mtumbwi ni sultani. Na tuseme lingine: huko majini hakuna anayemwambia sabuni imekwisha, mtoto ana homa, mwenye nyumba amekuja kudai. Nyumbani ni mtu wa madeni, mtoni ni mtu wa ujuzi. Nani hatapenda kukaa pale anapoheshimiwa?

Kupenda huko si dhambi. Imepokewa na Imamu Nasai kwamba Mtume (S.A.W.) alihesabu mambo manne ambayo hayaingii katika mchezo wa bure: mtu kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, kumfundisha farasi wake, kucheza na watu wa nyumba yake, na kujifunza kuogelea. Tazameni, ndugu zangu, jinsi maji na nyumba vilivyokaa katika hadithi moja, hakuna kilichomfukuza mwenzake. Anayependa mto hana haja ya kuona haya.

Haya ni ya yule anayeuficha upendo wake nyuma ya riziki. Akisema "ni kwa ajili yenu", basi bibi yake hana la kujibu, na watoto hawana la kudai, kwa sababu nani atapinga chakula? Kwa neno hilo moja amefunga mlango wa mazungumzo. Lakini kama angesema kweli, "siku tatu naenda kwa ajili yenu, na siku ya nne naenda kwa sababu roho yangu inapenda", hapo ingewezekana watu kukaa na kuhesabu. Kisichotajwa hakipimwi, na ambaye hapimi huishia kuchukua haki za wengine bila kujua.

Katika Sura ya Al-A'raf kuna habari ya watu wa mji ulio kando ya bahari, waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki wakawa wanawajia siku ile ile wakielea juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasema wakatafuta hila: wanatega kabla ya siku, wanakusanya baada yake, na wanasema hatukuvua. Sisi hatuna Sabato. Lakini kila mvuvi atakubali kwamba samaki wanakuja siku ile ile ambayo unatakiwa nyumbani. Siku mtoto anaumwa, ndiyo maji mazuri. Siku ya mahari ya binti wa dada yako, ndiyo kambale wamejaa katika kijito. Mtihani wa samaki haukuisha na watu wale, na hila pia haikuisha. Hila yetu ni hili neno "kazi".

Njia ya kujijua si ngumu. Jiulize: siku ambayo nyumbani kulikuwa na mchele, sombe na pesa ya siku mbili, ulikwenda au hukwenda? Na pesa ya samaki wa mwisho ilinunua nini kwanza? Hapa sitaki kuhukumu haraka. Wavu mpya unaweza kuwa na haki kuliko shati ya masomo, kwa kuwa wavu ndio utakaonunua shati. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure tangu 2019, lakini daftari, viatu na karo ya sekondari bado viko juu ya baba, na baba asiye na wavu atavipata wapi? Lakini yuko ambaye ana nyavu tatu nzima na ananunua ya nne, huku binti yake amerudishwa nyumbani. Wavu ule wa nne si chombo cha kazi, ni pambo.

Na kuna wavu mwingine ambao lazima niutaje. Vyandarua vinavyogawiwa bure ili watoto na wajawazito wasiumwe na mbu wa malaria, vimeonekana mitoni na maziwani, Tanganyika na kwingine, vikikokota mpaka mayai na vitoto vya samaki. Aliyefanya hivyo amechukua mara mbili: amemvua mtoto wake kinga ya usiku, na amewala samaki ambao mtoto huyo angewavua akiwa mtu mzima. Sijui mfano mwingine ulio wazi zaidi wa baba kuchukua kitu kitandani na kukipeleka mtoni.

Sasa habari ya kukaa mbali. Maji yanaposhuka na mchanga ukatokea katikati ya mto, watu wanajenga vibanda na kukaa huko majuma, wengine miezi. Sayyidna Omar bin Khattab, Allah amridhie, alikuwa akizunguka Madina usiku akamsikia mwanamke akilalamika peke yake, mumewe yuko vitani. Akaenda kumuuliza binti yake Hafsa: mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mume? Akamjibu miezi minne, na wengine wamepokea sita. Omar akaandika amri kwamba askari wasizuiliwe zaidi ya hapo. Huyo alikuwa khalifa, na wale walikuwa katika jihadi. Basi kambi ya samaki ina udhuru gani kuishinda jihadi? Na kumbukeni kwamba Omar hakuwauliza wanaume. Alimuuliza mwanamke, na jibu lake likawa sheria ya jeshi. Mvuvi anayetaka kujua kipimo cha nyumba yake, mtu wa kumuuliza yuko naye jikoni.

Wengine wanasema siku hizi kuna simu, pesa inafika kwa simu, salamu zinafika. Alhamdulillahi. Simu inatuma posho. Haimtoi mtoto kitandani kwenda kuswali alfajiri.

Nikirudi kwa swali la mama yule: anamshitaki kwanza kwa yeye mwenyewe, tena kwa kudai jambo linalohesabika. Asiseme "uache mto", maana hilo hatalisikia. Aseme usiku fulani na usiku fulani nakutaka nyumbani, na Ijumaa mchana ule na watoto. Salman na Abu Dardaa walipozozana juu ya ibada, ambapo Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka bibi yake hana tena hamu ya kujipamba, Salman alimwambia ampe kila mwenye haki haki yake: Mola, nafsi na watu wa nyumba. Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna imewekewa mpaka kwa ajili ya bibi, itakuwaje ndoano? Lakini kama bwana anakosesha chakula na mavazi, hilo si jambo la kunong'ona tena. Alipeleke kwa wazee wa pande mbili, na baada yao msikitini.

Tena wako akina mama wanaouchukia mto mpaka wanataka kuuza mtumbwi. Wafikiri vizuri. Mwanaume aliyeng'olewa mtoni hakurudi nyumbani kwa sababu hiyo tu, mara nyingi utamkuta chini ya mwembe anacheza karata. Afadhali nyumba iingie katika mto kidogo. Wengi wenu ndio mnaokausha samaki kwa moshi na kuuza sokoni, na hapa iko fitina nyingine ya kimya. Sheria inasema matunzo ya nyumba ni juu ya mume, na faida ya biashara ya mke ni mali yake. Basi samaki wale ni wa nani? Kama bwana amekupa uuze kwa niaba yake, pesa ni yake nawe una ujira. Kama umenunua kwake kwa bei, faida ni yako, na asikuambie ununue chumvi kwa faida hiyo kisha akajisifu amelisha nyumba. Semeni hayo kabla samaki hawajaingia kikapuni.

Watoto nao wapelekwe mtoni, siku ambazo si za masomo. Imepokewa kutoka kwa Omar huyo huyo kuwahimiza watu kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi. Katika mji ambao mtoto wa Alunguli anavuka kila asubuhi, kuogelea ni haki ya mtoto wa kiume na wa kike pia, kwa sitara yake. Mvuvi ndiye mwalimu bora wa jambo hili, na sijui kwa nini watoto wa wavuvi wengine hawajui kuogelea.

Mwisho ni kifo. Tunapenda kusema aliyekufa maji ni shahidi, na ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha. Lakini amefundisha pia kwamba anayepanda bahari wakati inapochafuka, dhima imemtoka. Na shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyojaa watu ilizama Ziwa Kivu mbele ya macho ya watu wa Goma, imebakiza kidogo tu kufika, na wengi walikufa. Mto wetu nao unachukua watu, mmoja mmoja, bila kutangazwa redioni. Anayetoka na upepo mkali bila jile la kuelea, kwa sababu hawezi kukaa nyumbani siku moja, asiwaambie watoto wake kwamba ni riziki iliyomtoa.

Mtume (S.A.W.) amesema haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Wajane wa mtoni wanateseka sana kwa kukosa karatasi hiyo: shemeji anakuja kuchukua mtumbwi, mwingine anasema wavu ni wake, wa tatu anadai pesa ambayo hakuna aliyeishuhudia. Basi anayeshuka Ubundu juma hili aandike leo baada ya swala, mbele ya watu wawili: nyavu ngapi na ni za nani, mtumbwi ni wake au wa ushirika, anadaiwa na nani, anamdai nani. Asiyejua kuandika, maalimu atamwandikia. Karatasi aiache kwa bibi yake, asiende nayo mtumbwini.

Wabillahi tawfiq.