Taka Zetu na Haki ya Jirani

Wako watu wadhaniao kwamba kazi ya dini huishia mlangoni mwa msikiti, na kwamba habari za takataka ni za halmashauri ya mji peke yake. Watu hao hustaajabu wanapoambiwa kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alihesabu kuondoa kitu chenye kudhuru njiani kuwa ni tawi la imani, na kwamba aliwaonya vikali wanaochafua njia za watu, vivuli wanavyopumzikia na mahali wanapoteka maji. Kwa mafundisho hayo jambo la taka limekwisha kuingizwa katika dini, na muumini hana budi kulifikiri kama afikirivyo mambo mengine ya haki na dhuluma.

Swali linalotukabili ni hili. Kila mji lazima uwe na mahali pa kutupia taka zake, na hakuna mtu apendaye mahali hapo pawe karibu na nyumba yake. Je, ni halali mtu kujiondolea dhara kwa kumtwika mwenziwe? Na kama si halali, jaa liwekwe wapi?

Yaliyotokea Dar es Salaam

Mfano wa jambo hili tunao katika historia ya Dar es Salaam. Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata, mahali palipokaliwa na watu. Wakazi walisumbuliwa na moshi wa taka zilizoungua, uvundo na mainzi. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kulishitaki Baraza la Jiji, wakashinda. Baraza likaamriwa liache kutumia mahali pale na litafute pengine pasipohatarisha afya za watu. Lakini taka ziliendelea kumwagwa, na Baraza likarudi mahakamani mara kwa mara kuomba liongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikatalia. Aliona ni ajabu kwamba chombo cha umma kije mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akakumbusha kwamba haki ya kuishi imo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Wakazi wa Tabata wakapata nafuu. Je, taka zilikwenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, eneo ambalo katika ramani ya mipango ya jiji lilikuwa limetengwa kuwa la makazi. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda mahakamani mwaka ule ule wa 1991, nao wakashinda. Baadaye jaa likawa Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi.

Hukumu zile zilikuwa za haki, na wakazi wale hawakufanya kosa. Mwenye kudhulumiwa ana haki ya kulalamika, na kupeleka malalamiko kwa hakimu kwa utulivu, bila fujo wala uasi, ndiyo njia ambayo Uislamu unaipenda. Hata hivyo, tukiitazama safari hiyo ya taka kutoka mtaa hadi mtaa, tunaona kwamba dhara lilikuwa likihama. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Wengi wetu huukataa mkuki unapoelekezwa kwetu, kisha hatuulizi umegeuziwa nani.

Hoja mbili na majibu yake

Wengine husema: “Lazima wachache wavumilie kwa faida ya wengi.” Jibu ni kwamba mtu anaweza kuvumilia jambo lililo zito kwa ajili ya wenzake akiombwa, akishauriwa, na akilindwa asidhurike. Lakini hakuna wingi wa watu unaohalalisha kumpa mtoto wa jirani moshi wa kuvuta na maji machafu ya kunywa. Mtukufu Mtume s.a.w. alitoa mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, baadhi wakakaa juu na baadhi chini. Wa chini walikuwa wakiwapitia wa juu kila walipotaka maji, hata wakawaza kutoboa chombo upande wao wasiwaudhi wenzao. Akasema kwamba wakiachwa wafanye hivyo wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Tuangalie kwamba haja ya wale wa chini ilikuwa ya kweli, kwani maji ni lazima. Kosa lilikuwa kuitimiza haja hiyo kwa tundu. Vivyo hivyo mji una haja ya kweli ya kutoa taka, lakini jaa ovyo ni tundu katika chombo cha wote. Maji yanayochuruzika kutoka ndani yake hushuka ardhini na kufika visimani, wala nzi hajui mpaka wa mtaa wa tajiri na wa maskini.

Wengine husema: “Mimi nimelipa ada ya taka, wajibu wangu umekwisha.” Ndugu msomaji, ada hiyo hulipia gari na mchukuzi, nayo hainunui ruhusa ya kumdhuru mtu. Taka zilizotoka nyumbani kwangu ni zangu hata zikiwa Pugu, maana mimi ndimi niliyezifanya.

Jaa liwekwe wapi?

Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye lile analolipendelea nafsi yake. Kwa kipimo hicho, jaa liwekwe mahali na kwa namna ambayo sisi wenyewe, kama tungekuwa ndio majirani zake, tungeweza kuikubali. Kwanza, liwe mbali na makazi na visima. Pili, chini yake patandikwe udongo wa mfinyanzi au kizuizi kingine, na maji machafu yakusanywe. Tatu, taka zifunikwe kwa udongo kila siku, wala zisichomwe ovyo. Nne, majirani wasikilizwe kabla ya kukata shauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka utaratibu wa kupima athari za miradi ya namna hii, na Qurani Tukufu tangu zamani imehesabu mashauriano kuwa ni sifa ya waumini.

Tena kazi huanzia jikoni. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Vitu hivyo vikitengwa na kuozeshwa huwa mboji ya kustawisha shamba. Vikichanganywa na plastiki na kutupwa, huzidisha uvundo. Na kile chakula kilichopikwa kupita kiasi kisha kikamwagwa ni israfu, ambayo Mwenyezi Mungu haipendi.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alifundisha kwamba dini ina sehemu mbili: haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Vyake. Katika masharti kumi ya baiat aliyoyatangaza mwaka 1889, sharti la nne lamtaka mwenye kuingia asiwadhuru viumbe wa Mungu kwa ulimi, kwa mkono wala kwa njia nyingine yoyote. Ndoo ya taka nayo ni njia mojawapo. Mtu husali usiku akitokwa na machozi, kisha asubuhi humwaga uchafu wake katika mfereji upitao kwa jirani. Mtu huyo ameitimiza haki moja na kuivunja nyingine.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe watu ambao majirani zao wamesalimika nao, wa karibu na wa mbali. Amin.