Je, Kumsindikiza Rafiki Kituo cha Afya ni Kubariki Dhambi Yake?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Jumapili moja usiku rafiki yangu tuliyeishi chumba kimoja hosteli aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, juzi Ijumaa usiku nilizingua." Alikuwa amekutana kimwili na mtu asiyejua hali yake ya afya, na sasa hofu ya VVU ilimnyima usingizi. Mimi, mwanakwaya mzuri, nikamjibu fasta, "Nenda kaungame, mengine mwachie Mungu." Nikazima taa. Nilijiona nimetetea imani.

Kwenye korido yetu kulikuwa na mwelimishaji rika, yaani mwanafunzi kama sisi aliyepewa mafunzo ya afya ya uzazi ili awasaidie wenzake. Asubuhi rafiki yangu akamgongea mlango. Yule hakumcheka wala hakumhubiria. Alimuuliza tu, "Ilikuwa saa ngapi?" Maana dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, zile zinazoitwa PEP, lazima zianze ndani ya masaa 72, na ukiwahi ndiyo bora zaidi. Yalikuwa yamebaki kama 15. Wakaenda wote wawili kituo cha afya. Akapimwa, akapewa dawa za siku 28. Mahubiri yangu yalikuwa yamekula usiku mzima.

Sasa swali: yule mwelimishaji alibariki dhambi?

Wengi tunaogopa kwamba ukimsaidia mtu kukwepa matokeo ni kama umemwambia "endelea tu". Hofu hii si ya kijinga. Kanisa linafundisha kwamba tendo la ndoa mahali pake ni ndani ya ndoa, na fundisho hilo halibadiliki kwa sababu kuna dawa. Lakini tukifikiri hivyo, tunaufanya ugonjwa kuwa mlinzi wa usafi wa moyo. Anayejizuia kwa kuogopa virusi tu, bado hajaupenda usafi wa moyo, ameogopa hospitali. Jamani, Mungu hakuajiri virusi kuwa katekista wake.

Soma Injili ya Yohane sura ya 8. Yesu alimwambia yule mwanamke asitende dhambi tena, ndiyo. Ila kwanza aliyazuia mawe. Angeuawa pale, lile neno la uongofu angelisikia nani? Na yule Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita njia ya wanyang'anyi. Alifunga majeraha kwanza.

Tena elimu hii si jambo la kuwaachia wengine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulitaka vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Papa Fransisko akalirudia hilo katika Amoris Laetitia mwaka 2016.

Ila kwako mwelimishaji rika Mkatoliki, usiishie kwenye vidonge. Tunza siri. Sema ukweli wa kitabibu bila kuupunguza. Kisha, mwenzako akishatulia, mwambie pia kwamba mwili wake una heshima, kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba kuanza upya kunawezekana.

Rafiki yangu alienda kuungama wiki mbili baadaye, bila kusukumwa na mtu. Aliniambia, "Yule aliyenisindikiza ndiye aliyenifanya niamini kuna mtu anaweza kunisikiliza." Ameniruhusu kuandika haya. Majibu ya vipimo vyake siyaandiki, ni yake.

Wiki hii jiulize: mwenzangu akizingua usiku wa leo, ataugonga mlango wangu au ataupita?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, utupe ulimi wa kusema ukweli, na miguu ya kumsindikiza aliyeanguka. Amina.