Umri na Mkono wa Muuguzi

Neno "mzee" lina nyuso mbili. Barazani humpandisha mtu: hupewa kiti, akasikilizwa. Mbele ya meza ya ajira, neno lilo hilo humteremsha: huamkiwa kwa shikamoo, kisha faili lake likafungwa. Heshima imegeuka kuwa adabu ya kukatalia.

Tuutazame uuguzi. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, Dorothea Dix aliteuliwa kuwa msimamizi wa wauguzi wa kike wa jeshi la Kaskazini. Katika masharti ya mwaka 1862 alitaka wanawake wa miaka 35 hadi 50, wenye mavazi ya kahawia, kijivu au nyeusi, bila ya mapambo. Msichana wa miaka 20 hakuulizwa kama anajua kufunga jeraha. Ujana wake ulitosha kumrudisha. Naye Dix, alipopewa cheo hicho, alikuwa na miaka 59. Kwa sharti lake mwenyewe asingeajiriwa.

Leo mizani imepinduka. Matangazo ya ajira serikalini Tanzania yamezoea kutaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyekwishakuwamo katika utumishi. Na penginepo, muuguzi mwenye mvi hudhaniwa mzito wa mwili na mgumu wa kujifunza vyombo vipya. Hayo hutendeka katika dunia ambayo Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2020, lilikadiria kuwa imepungukiwa na wauguzi milioni 5.9.

Mpinzani atasema: mwili huchoka, na kumgeuza mgonjwa usiku kucha kwataka mgongo mzima. Ni kweli. Basi na upimwe mgongo, maana tarehe ya kuzaliwa haiupimi. Wala tusikimbilie methali, "Penye wazee haliharibiki jambo", kwani yupo aliyerudia kosa moja miaka 30 akaliita uzoefu. Sifa ya jumla ni ndugu wa lawama ya jumla: zote mbili hazimtazami mtu.

Uadilifu wataka kila mwombaji, kijana kwa mzee, apewe nafasi ya kuonyesha mkono wake: unavyoutafuta mshipa, unavyopima dawa, unavyotulia mgonjwa anapokata roho. Aliyelala kitandani hamuulizi muuguzi kazaliwa lini. Hutaka kujua kama akiita ataitikiwa.