Je, Tuna Wajibu wa Kusahihisha Kumbukumbu za Wazee?

Mwaka jana, kwa muda wa miezi minne hivi, nilikuwa nikienda Entebbe kila Jumamosi kumfundisha Kiswahili mzee mmoja Mwingereza, mzaliwa wa Liverpool. Alikuwa amekijua Kiswahili zamani alipokuwa mhandisi Tanga, na sasa alitaka kukifufua. Masharti yake yalikuwa mawili: tusitumie kitabu, na tuzungumze huku mikono ikifanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kutandika reli ndogo ya mfano juu ya meza ndefu katika chumba cha nyuma. Yeye alikata na kulehemu. Mimi nilipigilia misumari myembamba kama sindano na kumwaga kokoto laini kati ya mataruma kwa kijiko cha chai. Mazungumzo yetu karibu yote yalihusu muziki wa roki aliousikiliza ujanani katika kumbi ndogo, na ndiyo yaliyonizulia swali la insha hii. Mtu akikumbuka vibaya, nasi tunajua kwamba amekosea, je, tuna wajibu wa kumsahihisha?

Ukumbi alioupenda kuliko zote ni Cavern, klabu iliyofunguliwa mwaka 1957 katika ghala la chini ya ardhi, mtaa wa Mathew Street. Alinieleza matao yake matatu ya matofali, ngazi nyembamba za kushukia, joto, na jasho lililochuruzika ukutani kwa sababu hewa haikuwa na pa kutokea. Hadithi yake kubwa ilikuwa moja. Mwezi wa Desemba 1964, alipopata mshahara wake wa kwanza, alimchukua mdogo wake kwenda kuwaona Beatles pale Cavern. Watu walikuwa wamebanana kama dagaa, na mtoto hakuona kitu, basi akambeba mabegani mpaka mwisho. Mdogo wake huyo amekwisha kufariki dunia. Mzee alinisimulia kisa hiki mara tatu au nne, na kila mara aliweka koleo mezani kwanza.

Niliporudi chuoni nilitafuta habari za klabu hiyo, kwa kupenda tu, wala si kwa kumchunguza. Nikakuta kwamba Beatles walipiga muziki Cavern karibu mara 300 kuanzia mwaka 1961, lakini mara yao ya mwisho ilikuwa tarehe 3 Agosti 1963. Kufikia Desemba 1964 walikuwa wameshavuma hadi Marekani, na chumba kile kisingeweza tena kuwabeba. Kwa hiyo ama mwaka si huo, ama bendi si hiyo, ama ukumbi si huo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Entebbe nikiwa na tarehe hiyo kichwani, sijui niifanyie nini.

Wahenga walisema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alikwenda mbali zaidi: alishikilia kwamba hatuna haki ya kusema uongo hata kwa muuaji anayemtafuta rafiki yetu. Lakini tuangalie vizuri. Kant alikataza kusema uongo. Hakutuamuru kutamka kila tunalolijua. Kama mzee angeniuliza, "Mwalimu, nimekosea?" nisingeweza kumjibu hapana. Hakuniuliza. Basi swali langu halihusu uongo, linahusu kimya, na kimya nacho kina hukumu yake.

Sababu iliyonifanya niogope kusema ni jambo nililomtendea babu yangu. Babu alifanya kazi ya reli, nasi tuliishi Tororo karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku. Alipenda kusimulia jinsi alivyoiona treni ya kwanza ikiingia Kampala, watu wakikimbia pembeni na kinamama wakipiga vigelegele. Nilipokuwa kidato cha pili tulisoma kwamba reli ilifika Kampala mwaka 1931. Siku moja, mbele ya wageni, nikamwambia, "Lakini babu, mwaka ule wewe ulikuwa hujazaliwa." Wageni wakacheka. Babu naye akacheka kidogo, akaomba aongezewe chai. Hakukisimulia tena kisa kile mpaka alipofariki. Baada ya mazishi ndipo shangazi aliponiambia kwamba aliyeiona treni ile ni baba yake babu. Babu alikisikia kisa hicho tangu utotoni mpaka kikawa chake. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu mwaka. Kwa usahihi huo nilifunga mlango ambao ningeweza kuupita kumfikia baba wa babu yangu, na leo hakuna aliyebaki wa kuniambia siku ile ilikuwaje.

Je, jibu basi ni kunyamaza daima? Hapo ndipo reli ya mezani iliponifunza jambo. Mzee alinieleza kwamba njia yake ina kosa ambalo kila mtu wa uraibu huu Uingereza analijua. Treni zake zimepunguzwa mara 76 hivi. Reli za Uingereza zina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo njia ya mfano ilipaswa kuwa karibu milimita 19. Lakini ni milimita 16.5 tu. Treni za Uingereza ni ndogo kuliko za nchi nyingine nyingi, na mota za zamani hazikuenea ndani ya mifano yake. Watengenezaji wakaukuza mwili wa treni na kuiacha njia kama ilivyokuwa. Kosa hilo limedumu miaka mingi, na treni zinakwenda bila taabu.

Siku hiyohiyo mimi niliunganisha vipande viwili vya reli kwa haraka. Kwa macho vilikaa sawa, lakini treni iliacha njia palepale kila ilipopita. Mzee akaniambia, "Pitisha ukucha." Nikapitisha, ukakwama. Tofauti ilikuwa kama unene wa karatasi. Nikajiuliza inakuwaje kosa la zaidi ya milimita mbili halidhuru, na kosa la unene wa karatasi linaangusha treni nzima. Jibu ni kwamba lile la kwanza limepatana na magurudumu yanayopita juu yake, na hili la pili linayagonga.

Nadhani kumbukumbu nazo ni hivyo. Hatuwezi kulipima kosa kwa ukubwa wake tu. Tuangalie nani anapita juu yake, na kama litamkwaza. Babu kujiweka mahali pa baba yake hakukumdhuru mtu yeyote. Lakini akitokea mtu akasema kwamba reli ya kutoka Mombasa ilijengwa na Waingereza peke yao, hapo kimya ni kosa, kwa sababu vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kumbukumbu ya namna hiyo inapita juu ya watu. Atakayeisema, hata akiwa na mvi, anapaswa kusahihishwa, ingawa kwa adabu na mahali panapofaa.

Mtu anaweza kunipinga akisema kwamba kipimo changu kinamfanya mzee kuwa mtoto: tunaamua sisi ni kweli gani anayoweza kuibeba. Pingamizi hili ni zito, na sikulipatia jibu kwa kufikiri. Nililipata Entebbe. Watoto wa yule marehemu walimwomba mzee awaandikie anayoyakumbuka juu ya baba yao, naye akataka kuyatunga kwanza kwa Kiswahili, liwe zoezi letu. Sasa kisa kilikuwa kinapata wasafiri. Watoto hao wangeweza kuitafuta tarehe kama nilivyoitafuta mimi, na wakiona si kweli wangeweza kukitilia shaka kisa chote, pamoja na mtoto aliyebebwa mabegani. Nikamuuliza tukiwa wawili tu, "Mzee, tuandike mwaka gani?"

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia kwamba Cavern ilifungwa mwaka 1973 na jengo likabomolewa, ili papatikane nafasi ya tundu la kupitishia hewa ya reli ya chini ya ardhi. Tundu lenyewe halikujengwa kamwe. Mwaka 1984 klabu ilijengwa upya mtaa uleule kwa maelfu ya matofali ya zamani, na watu wanaingia na kusema wamefika Cavern. Alipokwenda yeye, hakupatambua. "Mwaka siujui tena," akasema. "Pengine walikuwa wengine waliokuwa wakipiga. Andika kwamba alikuwa mzito, na kwamba sikumshusha."

Tukaandika hivyo. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: hatuna wajibu wa kusahihisha kila kumbukumbu, bali tuna wajibu wa kutowaacha wengine wajikwae juu ya ile tuliyojua kuwa ina kasoro. Na tunapolazimika kusema, tuanze na swali, tukiwa wawili, ili mwenye kumbukumbu aipime mwenyewe. Kumuuliza si kumfanya mtoto. Ningemuuliza babu, "Nani alikusimulia?" badala ya kumwambia hakuwa amezaliwa, huenda angenijibu.